Filimbi Juu ya Paa la Mkaguzi

Jumamosi, 15 Februari

Mtungi wa gesi wa Bi Dawlat umeibwa! Mchana kweupe, kwenye ngazi za jengo letu, mbele ya mlango wake. Wa pili mtaani mwezi huu. Bi Dawlat ni mjane, anaishi kwa kupika kabichi za kujazwa wali na kuwauzia watu. Bila gesi hana kazi. Amelia mpaka kitambaa kimelowa, kisha amehamia jikoni kwetu na masufuria yake yote. Mke wangu, Inshirah, amemkaribisha kwa mikono miwili. Mimi nimekula chakula cha mchana magharibi, nacho kilikuwa mkate na jibini.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kamati ya ulinzi wa mtaa!

Nimevaa suti nikaenda kituo cha polisi kumwona Kapteni Wagdi. Kijana mzuri, ila amechoka. Nimemweleza kwamba mtu aliyekagua tiketi kwenye treni ya Kairo hadi Aswan maisha yake yote anamtambua mwizi kwa kumtazama viatu. Amesema askari hawamtoshi, hivyo msaada wa raia anaupokea. Tujaribu. Ijumaa alasiri atakuja kuona mwenyewe. Akiridhika, atatundika kibao mwanzo wa mtaa kwamba hapa panalindwa, na chini yake jina la mwenyekiti. Asiporidhika, kazi atampa Haji Qandil wa jengo la mbele, maana naye ameiomba.

Qandil! Mtu mzima mwenye wajukuu, anashinda juu ya mnara wa mbao akiwapigia njiwa filimbi!

Niseme ukweli, humu hakuna anayesoma. Tangu nistaafu, hakuna anayeniita Bwana Mkaguzi. Muuza magazeti ananiita "wewe mzee". Kibao kile nakitaka kuliko nilivyotaka kuoa. (Inshirah asiione hii.)

Wakati wa kurudi nimekutana na muuza gesi mpya, yule wa baiskeli anayepita akigonga mitungi kwa spana. Amesimama kabisa, akaweka mkono kifuani: "Habari za jioni, Bwana Mkaguzi!" Sijui kaambiwa na nani. Nimemsimulia mpango mzima. Kijana ana adabu.

Jumapili, 16 Februari

Mkutano wa kwanza, juu ya paa letu, katikati ya bata wa Inshirah. Wamekuja wachache lakini wa maana. Nimegawa filimbi.

Utaratibu ni rahisi. Filimbi moja ndefu: kuna mtu asiyejulikana. Filimbi na bendera nyeupe: mwizi kabisa. Bi Dawlat atakaa kibarazani mwake juu na simu mkononi, na kila ishara ataipeleka kituoni.

Qandil akatokea bila mwaliko, na makapi ya mtama kwenye ndevu. Akauliza kama tuna akili timamu. "Filimbi na bendera juu ya paa, Ustaadh Shawqi? Tena alasiri? Hizo ni zetu sisi watu wa njiwa, ndugu yangu. Utatuvuruga, na wewe mwenyewe utavurugika." Nimemwambia mtaa una shida kubwa kuliko ndege wake. Ameondoka akitikisa kichwa.

Kijicho hicho. Nakijua.

Muuza gesi amepita. Ameuliza nani analinda wakati gani, asije akatusumbua kwa makelele ya spana yake. Nimempa zamu zote. Laiti raia wote wangekuwa kama huyu!

Jumatatu, 17 Februari

Siku mbaya. Sitaki kuiandika. Naiandika.

Alasiri ikasikika filimbi ndefu. Bi Dawlat akapiga simu. Ikasikika nyingine. Akapiga tena. Kisha bendera, juu ya paa hili, juu ya paa lile, na kule mbele ya msikiti! Bi Dawlat akalia kwenye simu kwamba mtaa umevamiwa na wezi kila upande. Kapteni Wagdi akafika na magari mawili.

Walikuwa Qandil na wenzake, wakiwaita njiwa wao warudi nyumbani. Kama kila siku. Kama tangu nizaliwe.

Kapteni alisimama katikati ya barabara akiangalia juu, mikono kiunoni. Qandil akainama kutoka mnarani mwake: "Karibu, Pasha! Mwizi ni yule mweupe anayeruka nyuma! Mfunge pingu za mabawa!" Mtaa mzima meno nje. Hata muuza magazeti.

Kapteni ameniambia kwa upole kwamba mara ya kwanza anacheka, ya pili hacheki. Bi Dawlat akamshushia sahani ya kabichi kwa kikapu na kamba kutoka kibarazani. Alikula amesimama, uso ukalegea kidogo. Bi Dawlat anajua kazi yake.

Inshirah amependekeza tutumie simu tu, kwa kuwa kila mtu anayo. Huyu hajawahi kufanya kazi reli.

Jumatano, 19 Februari

Nimepata dawa!

Kosa si filimbi. Kosa ni filimbi ndogo. Nimetafuta ile yangu ya zamani ya kazini, ile iliyokuwa ikiondoa treni Luxor. Watu wakishaizoea sauti yake, hawataichanganya na ya mwehu yeyote wa njiwa. Bendera nayo nimeikuza. Ni kitambaa cha meza cha harusi yetu, kwenye mti wa ufagio. (Hii pia asiione.)

Alasiri nimepanda paani peke yangu. Nimepuliza kwa nguvu zangu zote na kupunga bendera. Nisingeamini kama nisingekuwepo. Mapaa yote yakajibu! Filimbi huku, filimbi kule! Qandil mwenyewe alikuwa anapunga bendera yake kama mtu anayezima moto, anarukaruka, anapaza sauti sikusikia nini. Nimempungia na mimi. Chozi lilinitoka kidogo. Siku mbili tu, na nidhamu imeingia mtaani!

Njiwa kadhaa wakatua kwetu, wakaanza kula mahindi ya bata. Nimewafungia bandani wasiliwe na paka. Inshirah akasema wana wenyewe, nikawarudishe sasa hivi. Nimemjibu mimi ni mlinzi, na hapa wamelindwa. Kesho kuna siku.

Alhamisi, 20 Februari

Qandil amekuja. Amebisha hodi kwa adabu, macho mekundu. Amekataa chai, na Qandil hakatai chai.

Njiwa wake hawajarudi. Wengine amesema si neno, lakini Zahra! Jike jeupe, kichwa cha kahawia, pete ya shaba mguuni. Alimlea kwa kumlisha kwa mdomo wake mwaka ule aliofiwa na mkewe. Akanieleza kana kwamba mimi ni mgeni hapa: njiwa akitua juu ya paa la mtu ni mali ya mwenye paa, isipokuwa kama kuna amani baina ya wawili hao. Pakiwa na amani, unamrudisha, mnakunywa chai, yameisha. Yeye ana amani na mapaa yote. Basi kuna mtu ameivunja. Akaomba msaada wa kamati.

Wa kamati! Yaani wangu! Nimempa mkono na kuapa kwamba huyo mwizi wa njiwa nitamtia mbaroni mwenyewe. Nilimwonea huruma, kweli kabisa.

Kisha nikapanda kuwapa bata chakula.

Mweupe. Kichwa cha kahawia. Pete ya shaba.

Nimekaa juu ya ndoo. Mtu wa kawaida angevuka barabara na kumrudisha papo hapo. Mimi nikafikiri mbali zaidi. Kesho Kapteni anakuja. Nikimtoa Zahra kesho, mbele ya Kapteni, mbele ya mtaa wote, na kutangaza kwamba kamati imempata? Qandil atalia. Atanibusu kichwa. Kibao ni changu kwa kura ya mpinzani!

Kwa hiyo Zahra atalala hapa usiku mmoja tu. Nimemlisha kwa mkono wangu. Ameniuma.

Muuza gesi nimemwambia asikose maonyesho kesho. Alasiri wote tutakuwa paani, hatabaki mtu chini. Ameniombea dua ndefu. Ameniita Bwana Mkaguzi tena.

Ijumaa, 21 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Kapteni amefika baada ya swala ya alasiri. Paa limejaa: kamati, majirani, Bi Dawlat na mwiko wake. Inshirah amewamwagia bata mahindi, ingawa nilimkataza kuchafua uwanja wa maonyesho. Zahra yupo bandani, analia kwa sauti tamu. Nimetoa hotuba. Nimeinua kitambaa cha meza. Inshirah amekitambua. Nimepuliza.

Mbingu zikashuka.

Sijui nieleze vipi. Njiwa wa mtaa mzima walikuwa hewani saa ile, kundi la Qandil na makundi ya wengine, na wote wakageuka pamoja wakaja kwangu. Juu ya bata. Juu ya hotuba. Juu ya kofia ya Kapteni. Mmoja alikaa begani mwangu na kunitazama. Nikazidi kupuliza, nikidhani nawafukuza. Wakazidi kuja.

Kutoka mapaa yote ikasikika sauti moja: mwizi! Mwizi! Watu wa njiwa waliteremka ngazi zao, wakavuka barabara, wakaingia mlango wetu na kupanda ngazi zetu kwa kishindo, Qandil mbele amevua kiatu kimoja amekishika mkononi, wote wakipaza: "Mwizi! Leo tumekupata, mwizi we!"

Na ghorofa ya pili wakakutana na muuza gesi, anashuka na mtungi wetu begani.

Sasa fikiria. Mtu anashuka na mtungi wa watu, na watu thelathini wanapanda kumkabili wakimwita mwizi. Akauweka chini. Akakaa juu yake. Akasema ndiyo, ni yeye, wasimpige. Akasema mitungi yote iko ghala la nyuma ya kiwanda cha barafu, na wa Bi Dawlat upo, haujauzwa. Qandil akamuuliza: na njiwa wangu? Akasema njiwa hawajui, wallahi, kwa hilo la njiwa amsamehe.

Inshirah alikuwa wa kwanza kushuka. Akamnyang'anya spana na kusimama juu yake mpaka Kapteni alipofika, manyoya kofiani. Hakumgusa hata kidogo. Alimuuliza tu kama mama yake anajua.

Kisha Qandil akasikia sauti kutoka bandani.

Hotuba yangu ya kumpata ilikuwa bado mfukoni. Alimtoa Zahra kwa mikono miwili, akamtazama mabawa, akamtazama miguu, akanitazama mimi. Nikangoja kiatu. Badala yake akakaa juu ya ndoo yangu, akacheka mpaka akakohoa, akamwambia Inshirah, haya, Mama Nabil, sasa chai. Amani.

Tumekunywa chai paani, watu wa njiwa na watu wa kamati, kila mtu akichagua ndege wake. Jua lilikuwa zuri. Bi Dawlat alikwenda na askari, akarudi na mtungi wake, hakutaka mtu ambebee.

Jumapili, 23 Februari

Kibao kimetundikwa! Mwanzo wa mtaa, rangi ya buluu, maandishi meupe.

Mwenyekiti: Bi Inshirah. Makamu: Haji Qandil. Kapteni alieleza sababu zake, nimezisahau. Jina langu lilikuwa halimo, lakini Inshirah akamwambia mchoraji aliongeze chini, kama mjumbe. Herufi ni ndogo, ila ukisogea karibu zinasomeka vizuri. Nimesogea mara nyingi.

Jambo moja la kushangaza. Leo nimekwenda kununua gazeti na watu wamenisalimia mtaa mzima. "Abu Filimbi! Karibu, Abu Filimbi!" Muuza magazeti mwenyewe ameinuka. Wengine walikuwa wanacheka, lakini wameinuka. Bi Dawlat amenitumia sufuria nzima ya kabichi, zilizopikwa kwake, kwa gesi yake. Nimekula mchana, saa ya mchana. Nimefurahi, siwezi kuficha.

Kapteni amechukua filimbi zote, na ya Luxor pia. Bendera nayo ameipiga marufuku, na Inshirah amekwisha kuifua na kuikunja. Ameniapisha: hakuna tena filimbi wala bendera juu ya paa. Nimeapa. Mimi ni mtu wa kutimiza ahadi.

Ngoma hakuitaja.

Ninayo hapa chini ya kitanda, kubwa, ya ngozi ya mbuzi. Hakuna mtu wa njiwa anayetumia ngoma, nimehakikisha; ni yule tu anayepita usiku wa Ramadhani kuwaamsha watu wale daku. Nayo Ramadhani inaanza Jumamosi, na kwa zamu za usiku ngoma haina mfano. Nikimwona mwizi tu, hata kama ni saa sita ya usiku, naipiga. Mtaa mzima utaamka kwa pamoja, taa zitawaka kila dirisha, na hakuna hata mmoja atakayehitaji kuuliza ngoma ile maana yake nini.