Motokari Inayokunywa Kidogo

Jumatatu, 3 Juni 1968

Aibu! Aibu kubwa! Ndiyo kwanza nimefanywa direkta wa shule ya Kingi, na leo nimefika wimbo wa bendera ukiwa umekwisha. Kutoka hapa Burungu ni mbali, na lori la maziwa linalonibeba lilizama kwenye matope kabla ya Muheto. Nikasukuma. Nikaanguka. Nikaingia shuleni na tope mpaka kwenye tai.

Na nani alikuwa amesimama mahali pangu, mbele ya watoto, filimbi mdomoni? Théogène! Mwalimu wa darasa la tano, aliyekitaka cheo hiki kabla yangu, na ambaye anaisikia kengele ya shule akiwa bado anakunywa uji kwake. Kando yake Bwana Inspekta Édouard, anatabasamu. Hakuwa akinitabasamia mimi.

Inspekta alinivuta pembeni. Akasema kwa upole, upole wa kutisha, kwamba atarudi Jumatatu ya tarehe kumi na saba, kabla ya kengele. Asiponikuta, cheo ni cha Théogène. Mimi, Straton, mwenye diploma!

Jioni mke wangu Verdiane akatoa wazo la ajabu. Eti pale Kingi kuna nyumba ya direkta, tupu, ya bure, tuhamie. Nikamweleza taratibu. Direkta anayetoka mlangoni kwake na kuingia shuleni papo hapo, nani atamwona akipita? Heshima ya mtu huonekana barabarani. Nitatafuta motokari. Iliyotumika, ya bei ndogo, na zaidi ya yote isiyokunywa esansi nyingi, maana mafuta ni ghali. Verdiane aliendelea kuchambua maharage yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwachia Théogène shule kwa siku moja. Nimesema jino. Alinipa pole kwa furaha mno.

Kitchanga sokoni. Kwanza motokari nyeusi ya Jean-Marie Kabera, mfanyabiashara wa chumvi. Kubwa, inang'aa, viti vya ngozi. Nikauliza inakunywa kiasi gani. Kabera akacheka hadi akajishika tumbo, akasema hii hainywi, hii inameza. Tukazunguka soko mara moja tu, na mshale wa esansi ukashuka mbele ya macho yangu. Nilishuka, nikaaga.

Ya pili, kamioneti ya bluu, yaani kilori kidogo cha mizigo. Nzuri, lakini hairudi nyuma. Haiwezi kabisa! Mwenyewe alinishangaa, akasema mwanaume anatazama mbele.

Ya tatu nimeikuta mlimani kwa mzee Kanamugire, mfugaji, mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande huu. Motokari ndogo ya kijivu aliyoachiwa na mkoloni mmoja wa mashamba alipofunga virago. Iko ndani ya zizi la ndama, hufukizwa moshi asubuhi na jioni ili nzi wasiisumbue. Nimeona kwa macho yangu! Mwanawe Kayitare huiendesha kupeleka maziwa. Anasema inanusa tu esansi.

Nikauliza bei. Mzee alinitazama kama mtu aliyekohoa kanisani, kisha akasema yeye si mchuuzi. Kinacholala ndani ya ua wake hakiuzwi.

Nimerudi nimevunjika moyo. Halafu, nikiwa nanawa miguu, wazo! Kinacholala kwake hakiuzwi, lakini huombwa! Watu wa ng'ombe huombana ng'ombe. Unakuja na pombe, unapiga goti, unamsifu mwenye ng'ombe, unapewa. Bila kulipa kitu! Kwetu sisi ni watu wa jembe, maharage na mihogo, lakini hilo nimelisikia tangu utoto. Nitaiomba motokari kama ng'ombe. Nilicheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Direkta mwenye akili hachukui kitu bila kukipima. Jino tena. Nimekwenda kwa Kanamugire na esansi kwenye chupa moja ya bia. Nimemwambia Kayitare amwage yote iliyomo ndani ya tangi, atie chupa yangu, tuone itatufikisha wapi.

Ajabu! Tumetoka kwao mlimani, tumeteremka, tumeteremka, tumefika Kitchanga, na bado inapumua! Chupa moja! Nilipiga kelele hadi akina mama wa sokoni wakageuka. Kayitare alijaribu kuniharibia furaha. "Mwalimu, iko inakunywa kidogo, lakini barabara yote iko inashuka. Ata jiwe linaweza fika." Nikamwambia hesabu nafundisha mimi.

Wakati wa kurudi ilizimika kwenye mpando wa kwanza. Tuliisukuma mpaka kwao. Hiyo haihesabiwi, chupa ilikuwa imeisha.

Jumamosi, 8 Juni

Najizoeza sifa mbele ya mbuzi. Verdiane amezaliwa katika nyumba ya wafugaji, kwa hiyo nimemwuliza maneno ya kuomba ng'ombe. Amenifundisha. Kisha akaanza kunieleza yanayofuata baada ya kupewa, eti hapo ndipo penye uzito. Nikamkatiza. Mtu akishapewa, kuna nini tena cha kufuata? Asante, kwaheri. Akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Papa Adelaïde, ngoja nimalize." Sikuwa na nafasi, mbuzi alikuwa anakula karatasi yenye sifa zangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimepewa! Nimepewa!

Baada ya misa nilipanda kwa Kanamugire na mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, na jirani zangu wawili kama mashahidi. Mwenye kutaka cha mvunguni sharti ainame: nikapiga goti kwenye samadi, kwa suruali ya misa. Nikasifu. Nikaiita motokari yake mwenye pembe pana, mwenye mwendo wa malkia, asiyewapiga teke wakamuaji. Mzee alifuta machozi. Akasema tangu wazungu waondoke hajasikia mtu wa shule akisema maneno ya kiutu namna hii. Akasimama, akanyoosha fimbo, akasema motokari ni yangu! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaambiwa niape kwa jina lake mbele ya wote, nikaapa kwa sauti: Kanamugire alinipa!

Nimeiteremsha mwenyewe hadi nyumbani. Haikunywa kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika Kingi kabla ya kengele. Kabla ya ukungu kuondoka! Watoto walikimbia kuizunguka, wakaigusa taa. Théogène alitoka nyumbani na mswaki mdomoni, akasahau kuutoa. Siku nzuri kuliko zote za maisha yangu.

Jambo moja dogo. Nilijaza tangi jana, na leo wakati wa kurudi mshale umelala chini. Mlima wa Muheto ni mrefu kuliko nilivyodhani. Labda mshale ni mbovu.

Jumanne, 11 Juni

Mungu wangu!

Kabla ya jua nimefungua mlango. Nani ameketi kizingitini? Kanamugire, na fimbo yake, na Kayitare, na mabido, yale madumu ya maziwa, yamejaa uwanja. Nikauliza kama kuna msiba. Hapana. Amekuja kumtazama ng'ombe wake.

Wake?

Alizunguka motokari pole pole. Akapapasa ubavu. Akaona tope kwenye gurudumu, akasikitika, nikaiosha mbele yake kwa tai shingoni. Akanywa chai, akala mihogo yetu yote. Kisha mabido yakapakiwa. Nikasema nina shule! Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Aliyepewa ng'ombe humrudishia mwenyewe ndama. "Sasa motokari haizalaka, mwanangu. Njo maana nitakamata asubuhi zake."

Macho yalinitoka. Nikamgeukia Verdiane. Akasema hilo ndilo alilotaka kumaliza Jumamosi.

Nimefika Kingi wakati wa mapumziko, nanuka maziwa. Théogène alikuwa anapiga filimbi.

Alhamisi, 13 Juni

Ni zaidi ya maziwa! Jana nimempeleka dada wa mzee, Kanyange, kwa mganga wa meno, shangazi yake kwenye ubatizo, na beberu mmoja kwa majike, amekaa mbele, kando ya direkta. Na kwa kiapo kile, kila ninaposhtuka natakiwa kusema Kanamugire alinipa. Nashtuka siku nzima. Leo mbele ya darasa la sita nimelitaja jina lake kuliko la Mungu.

Na inakunywa! Kwenye kila mpando inakunywa kama mgeni wa harusi! Mshale ni mzima, kilichoharibika ni barabara, inapanda kila mahali. Nimemwomba mzee achangie esansi. Akashangaa sana. Majani ya ng'ombe, akasema, hutafutwa na anayemfuga.

Inspekta anakuja Jumatatu. Asubuhi za mzee ni zote, na Jumatatu imo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimejaribu kuirudisha. Kwa heshima, na kasiksi. Mke wa mzee aliweka mikono kichwani. Kumbe kurudisha ng'ombe uliyepewa ni kumtukana mtoaji na baba yake kaburini! Nikasema nilikuwa natania. Hakuna aliyecheka. Nimerudi na motokari, na shangazi, na mabido matupu.

Verdiane amesema nimweleze mzee ukweli tu: kwamba Jumatatu kuna inspekta, kwamba kazi yangu iko hatarini, nimwombe asubuhi hiyo moja. Watu wa ng'ombe hawamnyimi anayeomba. Maneno ya mwanamke mwema, lakini hayana ujanja ndani yake.

Jumapili, 16 Juni

Mpango. Mzuri mno! Dada yangu Emérence anaishi Muheto, karibu na Kingi kuliko kwangu. Leo baada ya misa nimeikimbiza motokari kwake, nimeificha nyuma ya jiko, nimeifunika majani ya migomba na mikeka mpaka haionekani hata taa. Nitalala hapa. Kesho mzee atakuja Burungu, atakuta uwanja mtupu, atadhani nimekwenda misa ya alfajiri. Mimi nitakuwa Kingi nimesimama wima mbele ya bendera.

Emérence ameniuliza kama nimeiba. Nimemwambia ni mambo ya kazi.

Jumatatu, 17 Juni

Balaa!

Nimeamka. Nimekwenda nyuma ya jiko. Mikeka imekunjwa vizuri. Majani yamepangwa. Motokari hakuna!

Emérence akasema walikuja jana usiku nikiwa nimeshalala, mzee na watu wake, kimya, kwa adabu zote. Barabara nzima ilikuwa imemwambia motokari imepita wapi. Mzee hakukasirika, alihuzunika tu. Akasema mtu anaweza kumchosha ng'ombe wa watu, anaweza hata kumpiga, na bado wakasameheana. Kumficha machoni pa aliyemtoa, hapana. Hapo hurudishwa, na mashahidi wote husema ni haki. Wakaisukuma mpaka barabarani ili wasiniamshe.

Nilikimbia! Kutoka Muheto mpaka Kingi, viatu mkononi. Kwenye mpando wa mwisho nikasikia mngurumo nyuma yangu, nikajitupa mtaroni. Motokari ya kijivu ikapita. Kayitare kwenye usukani. Mzee Kanamugire kando yake. Na nyuma, amekaa katikati ya mabido, amefurahi, Bwana Inspekta Édouard! Lori lake lilikuwa limekwama, mzee akamwokota njiani.

Nilipoingia uwanjani bendera ilikuwa juu. Théogène alikuwa anawaongoza watoto. Kila mtu alinitazama miguu. Inspekta hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba mzee amemsimulia njia nzima, na kwamba amehuzunika pia.

Halafu, nikiwa nimesimama pale, Kanamugire akampa Théogène motokari ile mbele yangu! Bila kuombwa! Na Théogène akapiga goti, akashukuru, akasema yeye anaishi hapa hapa, ng'ombe mwema namna hii asimtese kwa kumfunga bila kazi, aendelee kubeba maziwa ya mzee kila asubuhi. Mzee akamkumbatia. Inspekta akamkabidhi ufunguo wa nyumba ya direkta.

Nilitaka kulia. Nililia, kusema kweli, nyuma ya vyoo vya shule. Cheo kimekwenda. Nilikitaka tangu nilipokuwa nafundisha alfabeti.

Alhamisi, 20 Juni

Barua ya Inspekta. Kuanzia Jumatatu mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya hapa Burungu. Verdiane amefurahi, ameimba mchana kutwa. Shule iko ng'ambo ya shamba letu la maharage. Nikisimama mlangoni naona ubao. Verdiane anasema nitakuwa nakuja kula nyumbani saa sita, na kwamba Mungu ameturehemu.

Nimekaa, nimefikiri sana juu ya makosa yangu. Nimeyaona sasa. Kosa halikuwa motokari, kosa lilikuwa umbali. Kila motokari niliyoipima niliipima kwa njia ya Kingi, na njia ile ingemaliza esansi ya yeyote. Lakini kutoka mlangoni kwangu hadi shule ya Burungu! Nimeikagua njia hiyo leo kwa miguu, huku na huku, mara nyingi. Hakuna mpando hata mmoja.

Nimesikia kwamba mapadri wa Masisi wanataka kuachana na lori lao la mbao, lile kubwa la magurudumu kumi, maana linawafilisi kwa kunywa. Wamelipima vibaya. Kwa safari kama yangu litalowesha midomo tu. Na mapadri si watu wa ng'ombe, hawatakuja kuketi kizingitini. Nimemwambia Verdiane aanze kukata maharage upande wa kushoto, lori lipate pa kupita.