Pensheni ya Minazi Ishirini

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Siku ya kwanza ya kustaafu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, nikavaa, nikafika mlangoni, nikakumbuka. Lo! Hakuna shuka za kufua tena. Miaka ishirini na miwili ya udobi hotelini hapa Malindi imekwisha, na mkononi nina kiinua mgongo, shilingi elfu sita.

Kasiva, mke wangu, anataka zote ziende posta, kwenye kitabu cha akiba. Ati kama jirani yetu Njoroge. Njoroge! Alikuwa mpishi hoteli ile ile, kastaafu mwaka jana, na kila Jumapili baada ya ibada hukitoa kitabu chake mfukoni akajipepea nacho. Riba yake ya mwaka mzima hainunui jozi ya viatu. Mimi sitaki pesa zilale. Nataka pesa ziniangukie.

Kasiva kanikumbusha kwamba hizi zikipotea hatuna nyingine. Tutarudi bara, Kangundo, nikachunge mbuzi wa kaka yake. Yule kaka! Mtu wa kuhesabu njiti za kiberiti! Nimemwambia aondoe shaka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Minazi! Mnazi haulishwi, haugomi, hauombi nyongeza ya mshahara. Wewe umelala, nazi inaanguka.

Mzee Randu wa Dabaso anamwoza mwanawe mwezi huu na mahari imembana. Kaniuzia minazi ishirini kwa elfu nne. Kwa furaha nilimwamkia shikamoo mara mbili, ya kuja na ya kuondoka. Tumeandikiana karatasi, mashahidi wawili, kila kitu. Bei rahisi mno kwa shamba zima! Karatasi inasema minazi tu, haitaji shamba, lakini hilo si la kuuliza. Nani duniani auze mti bila udongo wake?

Kasiva aliikunja karatasi, akaitia kabatini. Kisha akaomba zile elfu mbili zilizobaki azishike yeye. Nimempa elfu moja na mia tano. Nami nina kichwa changu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamua kujenga huko huko shambani. Vyumba viwili na baraza. Nimechimba msingi tangu asubuhi. Palikuwa na muhogo njiani, nikaung'oa.

Saa tano akatokea Kahonzi, mke wa Mzee Randu. Kumbe muhogo ni wake. Salala! Sijasemwa namna ile tangu nizaliwe. Mzee Randu akaja nyuma yake, mpole, akauliza kama nachimba kisima au kaburi. Nikamwambia nyumba. Walicheka mpaka Kahonzi akaketi chini, hasira zote zimemwisha.

Mzee akanieleza polepole kwamba huku pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Minazi ni yangu, niikwee nikitaka. Ardhi bado ni yake. Miaka ishirini na miwili nimekaa Malindi, hakuna aliyeniambia! Nikaomba pesa zangu. Zimeshafika kwa wakwe.

Nimefukia msingi. Muhogo wa Kahonzi nitaulipa. Haidhuru. Nazi zipo.

Jumapili, 10 Agosti

Nazi hazipo.

Nilikwenda kuzihesabu baada ya ibada. Siku zote nilikuwa nikitazama chini, kwenye udongo. Leo nikainua macho. Kila mnazi una kibuyu huko juu, na mnazi wa saba una mtu. Ndiye Fondo, mgema. Kashuka, kanishika mkono, kanipa hongera ya mali. Alikubaliana na Mzee Randu kuigema yote kwa miaka miwili, na mnazi ukigemwa usitazamie nazi, maana maua yake hukatwa ili tembo, ile pombe ya mnazi, litiririke. Lakini nisiwe na wasiwasi, akasema. Haki ya mwenye minazi italetwa nyumbani kila wiki. Kwa tembo.

Mimi ni mzee wa kanisa! Niliapa mbele ya ushirika mzima kwamba pombe haitavuka kizingiti changu. Kasiva sijamwambia. Nitatafuta njia.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikupata njia. Pensheni imefika.

Saa tisa alasiri, akina mama wa kanisa wamejaa sebuleni, wanaimba pambio. Hodi! Fondo, na madumu mawili yanayotoa povu. Akatangaza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba kaleta tembo la mwenye nyumba. Pambio likakatika katikati. Njoroge yuko dirishani kwake, shingo imerefuka. Nilitamani ardhi inimeze, japo nayo si yangu.

Aliyeniokoa ni Kahonzi, aliyekuja kudai muhogo wake. Akaonja, akasema hili la leo bado tamu, na ndilo la kuumulia vitumbua. Kasiva akamtazama. Akatazama madumu. Akaniagiza nikanunue mchele.

Akina mama wameondoka wameninunia. Kasiva na Kahonzi wako jikoni wanacheka. Nadhani wananicheka mimi.

Jumamosi, 30 Agosti

Vitumbua vinakwisha kabla ya saa mbili asubuhi! Wafanyakazi wa hoteli wanapanga foleni mlangoni kwetu. Fondo sasa huleta tembo kidogo kidogo kila siku, likiwa bado tamu. Kasiva kawaeleza akina mama wa kanisa kwamba ulevi wote unakwisha motoni. Wakaonja, wakasamehe. Mchungaji kala sita, akaomba vingine afungiwe. Kahonzi kasahau muhogo, sasa ni mshirika wa biashara na anapata fungu lake. Kasiva kafungua kitabu cha akiba posta, kwa jina lake, na Kangundo haitajwi tena. Nimefurahi, wallahi, na nimemwambia hivyo. Akanipa kitumbua cha moto.

Nimemweleza Njoroge kwamba haya yote yametokana na akili yangu. Alinunua vinne, akaenda zake.

Sasa mimi ni mjuzi wa mambo haya. Leo nimepita mtaa wa Shella, nikakuta nyumba inauzwa. Vyumba vinne, mabati mapya! Nitapangisha vitatu nile kodi mpaka uzeeni. Bei ya kutupa, mwenyewe ana haraka. Nimetoa zile mia tano zangu ziwe rubuni ya kuishikia nyumba papo hapo, kabla Njoroge hajapita njia ile. Kasiva nitamwambia kesho. Au kesho kutwa.

Karatasi inasema nyumba tu, haitaji kiwanja, lakini hilo si la kuuliza. Nani duniani auze nyumba bila kiwanja chake?