Isale kwa Mhakiki wa Bomang'ombe

Jumatatu, 9 Juni

Albamu imetoka! Giza la Zizini. Roki ya makelele, ya kwanza kutoka hapa Rau, Moshi, na kwa watu hawa nilionao labda ndiyo ya mwisho. Mdogo wangu Mektrida ameimba na kupiga gitaa. Praygod kapiga ngoma. Mimi besi, umeneja na mawazo. Tumerekodi hata mashine ya kumenya kahawa ya marehemu mama, ile yenye kutu. Inalia kuliko gitaa.

Maoni yameanza kuingia. Antoni kinyozi aliiweka saluni kwake kama nilivyombembeleza. Mteja kainuka katikati ya kunyolewa, kaondoka na nusu kichwa. Antoni amesema nisimpigie simu tena. Jirani Mama Stella akabisha hodi kuuliza kama pampu yetu ya maji imeharibika. Nikamweleza kuwa ni muziki. Akasema pole.

Mimi nilicheka, Mektrida hakucheka. Nyimbo zote amemtungia mama, tangu msiba. Amesema Jumamosi tunapiga ukumbini, na asipopatikana hata mtu mmoja wa kusikiliza mpaka mwisho, anaacha kuimba na gitaa anampa Praygod. Mektrida hasemi jambo mara mbili. Bila yeye mimi ni meneja wa nani?

Jumatano, 11 Juni

Basili! Basili huyu wa redio ya Bomang'ombe, mhakiki wa muziki, anayevaa miwani ya jua hata mwezi huu ambao mlima wote umefunikwa na ukungu. Nilisoma naye seminari. Alinipokonya kinanda cha kwaya na mpaka leo sijamsamehe.

Leo ameisema albamu yetu hewani. Nilisikiliza nimesimama. Alisema inatisha. Alisema sauti ya yule dada ilimwingia kama baridi. Alisema alilazimika kusimamisha gari pembeni ya barabara, akawakumbuka watu wake waliozikwa migombani, akashindwa kuendelea na safari. Akamaliza kwamba hataisikiliza tena mpaka ajiandae. Ajiandae! Kama anakwenda kung'olewa jino! Na wilaya nzima ya Hai imesikia.

Meseji zikamiminika kipindini. Mmoja wa Machame alisema hiyo ni gereji, siyo muziki. Mama mmoja akataka tuombewe. Mwingine aliomba irudiwe, lakini huyo nadhani alikuwa anatafuta kipindi kingine.

Nikamtazama Mektrida. Chai imempoa mkononi, machozi yanamlengalenga. Akatoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Amevunjika moyo, nani asiyeona? Basili lazima afute maneno yake kabla ya Jumamosi. Atafuta, atake asitake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata dawa yake! Nilikuwa Kilema kwa shangazi Yuditha, nakula kiburu cha ndizi na maharage, nikatupa macho nje. Uzio wake wote ni isale. Kwetu Uchaggani mtu akikuletea jani la isale limefungwa fundo, humkatalii analoomba. Hata ndugu waliogombania mpaka wa shamba, jani likifika, wanakaa chini wanakunywa pombe ya mbege. Basili ni mtoto wa Kibosho, Mchagga kama sisi. Atapitia wapi?

Shangazi alinikuta nachuma. Akauliza nimemkosea nani. Nikasema hakuna, mimi ndiye niliyekosewa. Akasema basi niache jani lake, isale hupelekwa na mwenye kosa. Wazee nao wana mambo madogo madogo! Nikamwambia ndiyo shangazi, nikalitia ndani ya koti.

Bomang'ombe nilimngoja Basili kwenye geti la redio yao. Alipotoka nikamshikisha jani lenye fundo kwa mikono miwili, mbele ya mlinzi na mama muuza ndizi, ili asije akageuka baadaye. Akavua miwani. Akaniuliza kama Mektrida anajua. Nikasema yeye ndiye aliyenituma. Uongo wa kimeneja, hauumi mtu. Akalikagua fundo la lile jani. Akaniambia haya mangi, amelipokea, kesho atatangaza.

Nimemweza! Nimerudi Moshi napiga mluzi.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Niliwaita Mektrida na Praygod, nikawakalisha mbele ya redio, nikawaambia wasubiri waone meneja ni nini. Basili akaanza kwa upole. Akasema jana wasanii wa Giza la Zizini wamemletea isale. Nikampiga Praygod bega. Basili akaendelea. Akasema wamekiri wenyewe kwamba albamu ile ilikuwa kosa, na kwa mila zetu aliyetubu hasimangwi. Amewasamehe. Yote aliyoyasema Jumatano ameyafuta. Hataipiga wala kuitaja tena, asije akafukua yaliyokwisha. Kisha akaweka kwaya.

Mektrida akazima redio. Akauliza nani kapeleka isale. Praygod akatazama dari, msaliti yule. Nikasema ni mimi, kwa nia njema.

Hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliniambia polepole kwamba maneno ya Jumatano yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Mtu mzima amesimamisha gari kwa ajili ya wimbo wake. Kule nyuma ya nyumba alikwenda kumsimulia mama. Na leo mtu pekee aliyemsikia amefungwa mdomo. Halafu akaniuliza: kumlilia mama kosa lake ni nini, kaka?

Amesema kesho nisiguse besi. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesimama mlangoni mwa ukumbi kama mlinzi. Mwanzoni viti vilikuwa vitupu na nikaanza kuomba rozari kimoyomoyo. Kisha watu wakaingia. Yule wa Machame kaja kuthibitisha kwamba ni gereji. Akina mama kadhaa wamekuja kutuombea. Nusu yao, naapa, walikuja kuona watu waliopeleka isale kwa ajili ya nyimbo.

Wakaanza kupiga. Bila besi, na hakuna aliyeuliza besi iko wapi! Kwenye wimbo wa pili yule wa Machame akatoka ameziba masikio. Akina mama wakafuata. Kila aliyenipita pale mlangoni alinikata maini. Nikajaribu kumzuia mmoja, akanitisha kwa mwavuli. Ulipofika wimbo wenye mashine ya mama wakatoka kwa makundi, na Mektrida akaimba vilevile, amefumba macho, hajui kama kuna mtu amebaki.

Nikachungulia. Safu ya nyuma kabisa amekaa Basili. Hana miwani. Ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na hakuinuka mpaka sauti ya mwisho ilipokatika. Akaenda jukwaani, akampa Mektrida mkono. Hakusema neno, maana ameshaahidi. Mektrida akalia, akacheka, akalia tena. Gitaa halijaenda kwa Praygod.

Na mimi machozi yalinitoka. Nje kulikuwa na jiko la mishikaki, moshi mwingi sana.

Jumapili, 15 Juni

Nimesamehewa! Mektrida amenirudishia besi, kwa sharti moja. Watu waachwe waseme watakavyo juu ya nyimbo zake, na mimi nisimjibu mtu yeyote. Nimeapa nje ya kanisa, mkono juu, Praygod shahidi. Na safari hii nimejifunza. Nimejifunza kabisa. Msikilizaji aachwe na maumivu yake, basi.

Mchana nikaufungua ukurasa wa bendi, kuangalia tu. Dada mmoja wa Marangu, Violet, ameandika kwamba wimbo wa mashine umemkumbusha mama yake. Amelia hata akashindwa kupika, na watoto wamelala kwa maziwa matupu.

Yesu na Maria! Watoto wa watu wamelala njaa kwa sababu yetu! Mektrida akiona hili atavunjika moyo tena. Nimemjibu Violet upesi, kwa jina la Mektrida, nimemwomba radhi sana. Na ule wimbo nimeufuta ukurasani.