Fosfeti Isiyo na Kibali

Wakaaji wote wa Kisangani walitangaziwa redioni, kwa heshima na taadhima, kwamba tangu siku hiyo hakuna seli ya mtu, mbuzi wala samaki yenye ruhusa ya kujigongea fosfeti bila kibali cha Papa Timothée, Mkuu wa Ofisi ya Mihuri. Sokoni watu waliulizana kama fosfeti ni kodi mpya.

Chanzo cha balaa ni Georgette, mtafiti wa chuo, aliyethubutu kuieleza kazi yake katika redio hiyohiyo. Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mkuu, roho mkononi. Seli za mapafu alizozitunza kwa miaka, akitafuta kwa nini dawa ya pumu huacha kufanya kazi kifuani, zilikuwa kwenye friji yake chuoni, na Mkuu alitaka zichomwe.

"Papa Chef, kipokezi iko kama mulinzi ku mulango ya seli," alieleza. "Ujumbe ikifika, banamupiga fosfeti, kakemikali kadogo, ku mukia, sawa cachet, muhuri ya ofisi. Ikipigwa huku, seli inafanya kazi. Ikipigwa kule, inanyamaza. Fosfeti ni ileile, fasi ya kuipiga tu njo inabadilika."

Papa Timothée alivua miwani. "Na nani alibapa cachet?"

"Hakuna mutu, papa. Ni enzyme, sawa karani ya ndani ya seli, njo inapiga."

"Huyo Enzyme iko na matricule, namba ya kazi?"

"Hapana, papa."

"Eh! Alors ni fujo!" Aliihurumia serikali kwa dhati.

Solange, katibu wake, alikohoa kidogo. Katika ofisi ile kila karani alijua kuusoma muhuri wa Mkuu bila kufundishwa. Ukigongwa juu, huyo ni shemeji, faili itoke leo. Ukigongwa katikati, mwenyewe bado hajasalimia vizuri kwa bahasha, faili ingoje. Ukigongwa chini pembeni, faili iingie kabatini na mwenyewe aambiwe arudi kesho. Wino uleule, muhuri uleule. Huo ulikuwa utaratibu mzuri sana na hakuna aliyewahi kuuita fujo.

"Tangu leo," Mkuu alitamka, "mihuri yote, ya ofisi na ya seli, itapigwa fasi moya. Chini pembeni. Kule iko nafasi."

"Papa, zote zikikaa fasi moya, seli itajua namna gani cha kufanya?" Georgette aliuliza, karibu kulia.

"Itatii."

"Hata makaratasi ya papa mwenyewe?" Solange aliuliza kwa adabu.

"Hata yangu! Mimi njo mufano."

Akagonga amri ya kuchoma seli: pa! Akagonga ruhusa yake ya safari ya Kinshasa, alikokuwa anakwenda kupandishwa cheo: pa! Solange alitazama muhuri ulipokaa, akafungua kabati. Alikuwa mfanyakazi mwenye nidhamu.

Hakuna askari aliyefika chuoni kuzichoma seli. Siku ya ndege, Papa Timothée alirudi ofisini mbiombio, valizi mkononi, jasho likimtiririka. Uwanjani walikuwa wamemkatalia kupanda bila ruhusa.

"Solange! Ruhusa yangu iko wapi?"

Solange hakuinua kichwa. "Papa, mutarudi kesho."

"Mimi? Mimi njo Chef!"

"Ndiyo, papa. Kesho."

Georgette, aliyekuja kuuliza habari za amri ya kuchoma seli zake na kuambiwa, kwa furaha yake, arudi kesho, alimsogezea Mkuu nafasi kwenye benchi.

"Musikasirike, papa," alisema. "Seli imetii."