Mwizi wa Matofali Matatu

Jumatatu, tarehe 3
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, matajiri watatu wa yadi hii ya matofali, na daktari aliyeniambia nijiandae. Ufunguo wa yadi nimeushika miaka arobaini. Shule niliishia darasa la pili, lakini mwizi namjua kwa kisogo. Kanuni yangu moja: panga mafungu yanayolingana. Matofali yakiisha sawa, salama. Yakibaki, kuna mkono wa mtu.
Leo mchomaji, tunamwita Kimya, kafungua tanuru. Kaandika 10,007. Namba gani ina mkia kama panya? Nikapanga saba saba. Yakabaki manne. Yaani matatu hayapo. Nikamkazia macho Kimya. Hakukana!

Jumanne, tarehe 4
Tajiri kasema mnunuzi anakuja Alhamisi. Hesabu isipokaa sawa, ufunguo anapewa Kimya. Nikapangua yote. Kumi na moja kumi na moja. Yakabaki manane. Yamepungua matatu. Yale yale! Wabebaji wakasema kesho watanipanga mimi.

Jumatano, tarehe 5
Kumi na tatu kumi na tatu. Yakabaki kumi. Matatu tena. Ushahidi gani zaidi?
Nikamuuliza binti yangu, mwalimu wa hesabu. Kaandikaandika, kasema 10,007 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nipange mafungu ya namna yoyote, yatabaki tu. Nikamwambia nimezaa watoto tisa, tasa hanitishi. Kasema ya karibu inayogawanyika kwa saba, kwa kumi na moja na kwa kumi na tatu ni 10,010, ndiyo maana kila mara naona pengo la matatu. "Baba, hakuna aliyeiba. Namba ndivyo ilivyo."
Nikamuuliza binti, huyo Kimya kamlisha nini. Kabeba chai yake, kaondoka.

Alhamisi, tarehe 6
Akili ni mali. Asubuhi nikaja na matofali matatu yaliyokuwa chini ya pipa la maji kwangu. Nikayaongeza kwenye lile fungu la kumi. Mafungu 770 ya kumi na tatu, halikubaki hata pande!
Mnunuzi kahesabu. Kasema yamezidi matatu kuliko karatasi ya tanuru. Tajiri kayatafuta, kayaona: yana muhuri wa yadi, na ukoga. Kauliza polepole, "Mzee, haya yalikuwa yanakaa wapi?"
Nikajibu kwangu, kwa usalama, miaka kumi na sita.
Wabebaji walicheka mpaka wakakaa chini. Ufunguo kapewa Kimya.

Jumatano, tarehe 12
Kimya kaniomba kwa adabu nimhesabie vigae vya paa. Kwenye karatasi ni 10,009. Juzi nilipanga saba saba, vikabaki sita. Jana kumi na moja, vikabaki kumi. Leo kumi na tatu, vimebaki kumi na viwili. Kila mara kimepungua kimoja.
Wameanza kuniogopa. Safari hii wameiba kimoja tu.
Anayebisha amuulize binti yangu, tajiri, mnunuzi, na Kimya mwenyewe. Wote wanne watathibitisha, ingawa mwizi ni mmoja wao.