Nazi Arobaini za Harusi ya Kaka Latifo

Jumatatu, 18 Novemba 2019

Shangazi Zubeida anapika kambini kwa watu wa gesi. Wanatafuta msichana wa kutunza stoo ya chakula: kuhesabu magunia, kuandika daftari, kutoongea na mtu. Kazi yangu kabisa. Shida ni moja: shangazi anaweza kupeleka jina moja tu, na tuko wawili, mimi na binamu yangu Dalila. Kasema atakayesimamia vizuri nazi za harusi ya kaka Latifo Jumamosi, huyo ndiye.

Wageni themanini, nazi arobaini. Zamani tungeangua tu. Lakini minazi yetu tumeiacha kule pwani tulikohamishwa, na hii ya hapa Quitunda bado inanifika magotini. Kila nazi lazima mchukuzi Selemane ailete kwa pikipiki kutoka Palma.

Mimi nimemaliza darasa la kumi. Dalila aliachia la saba. Anahesabu kwa mahindi: wageni wawili, punje moja ndani ya kopo la maziwa. Kwa adabu sikucheka.

Jumanne, 19 Novemba

Ndugu wa bibi harusi walioko kisiwani Macaloe wametuma salamu. Wanakuja watu arobaini zaidi. Yaani wageni wameongezeka kwa asilimia hamsini. Niliona haya kusema mbele za wanawake, nikampa shangazi karatasi: nazi nazo asilimia hamsini zaidi, jumla sitini. Dalila alikaa chini akitia punje koponi mpaka adhana ya alasiri. Naye akapata sitini. Bahati.

Jumatano, 20 Novemba

Mashine ya boti yao imekufa. Hawaji. Tumebaki na themanini wetu walewale.

Hesabu ya watoto hii. Kilichopanda kwa hamsini kikishuka kwa hamsini, kimerudi kwao. Nikamwandikia Selemane: zile nazi sitini, punguza asilimia hamsini. Dalila alikuwa bado anatoa punje mojamoja. Akaniuliza, dada Nuro, umezihesabu lakini? Nikamwambia asilimia haihesabiwi, inajulikana. Akasema haya.

Ijumaa, 22 Novemba

Selemane kaleta nazi thelathini. Thelathini! Nimezipanga chini mara tatu. Ni wazi kumi kaziuza njiani.

Kumwambia usoni sikuweza. Nikampa karatasi ya mashtaka. Akaisoma kwa sauti mbele ya wakunaji wote. Kisha akatoa mfukoni ile ya Jumatano, akaisoma nayo. Akaniuliza, binti, kwenu nusu ya sitini ni ngapi? Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mbuzi yake. Mimi nikaenda kuhesabu sufuria.

Nazi nyingine Palma hakuna, anasema. Si kitu. Nina mpango. Tui tutalikamua mara tano.

Jumamosi, 23 Novemba

Mkamuo wa tano ulitoa maji yaleyale niliyotia.

Sufuria ya kwanza ilipopakuliwa, Bi Awa, bibi yake bibi harusi, alionja kidogo. Akauliza kwa upole humu ndani nani anaumwa, mbona tumepikiwa wali wa mgonjwa. Shangazi akatazama chini. Kaka Latifo akanitazama mimi.

Hapo Dalila akaingia na sufuria ya pili. Mafuta ya nazi yanang'aa juu. Kumbe jana jioni alipita nyumba kwa nyumba na kopo lake, akiomba nazi mojamoja, kila nazi punje moja, mpaka zile kumi zilizopungua zikatimia. Bi Awa akala sahani mbili, akauliza yule ni binti wa nani.

Kuhusu mimi hakuuliza.

Jumapili, 24 Novemba

Dalila anaanza kambini kesho.

Shangazi kanihurumia. Mwezi ujao watataka msichana wa pili. Karamu ya siku ya saba ni Ijumaa, wageni themanini vilevile, nazi nisimamie mimi. Ila nihesabu kwa punje. Dalila mwenyewe kaniletea kopo lake, karibu alie kwa kuliacha. Nimelipangusa vizuri. Naweka kalamu humo.

Safari hii hesabu haina mwanya. Zilitakiwa arobaini, zikapungua kumi, ndiyo asilimia ishirini na tano. Kilichopungua kinarudishwa kama kilivyo. Nimemwandikia Selemane: lete thelathini kama zile, halafu ongeza asilimia ishirini na tano.

Amepiga simu ya baba sasa hivi. Anasema thelathini na saba ziko tayari. Anauliza, ile nusu ya mwisho nataka upande wenye macho au wa nyuma?

Nimemrudishia baba simu yake. Mtu asiyejua asilimia huwezi kubishana naye.