Amplifaya ya Mtu Aliyeokoka

Jumanne, 5 Agosti 1997

Leo nimeinyamazisha kamati! Kikao cha harambee ya paa la kanisa, hapa Karurumo. Mchungaji aliuliza nani ataleta vipaza sauti siku ya mgeni wa heshima. Wote wakamgeukia Ndambiri. Kama kawaida! Harusi, Ndambiri. Matanga, Ndambiri. Hata mbuzi akipotea, Ndambiri anatangaza. Na hiyo spika yake ni kuukuu, inapiga mluzi kuliko mchunga mbuzi mwenyewe.

Mwenye spika ndiye hushika maiki. Mwenye maiki huketi karibu na meza kuu. Meza kuu hula kuku. Sisi wengine tunakula githeri, mahindi na maharagwe, nyuma ya jikoni, tumesimama. Mimi Hezekiah, karani wa kiwanda cha kahawa, mtu wa kalamu, nimekula githeri nimesimama miaka yote hiyo.

Basi nikainuka. Nikasema nitaleta mitambo yangu binafsi, tena bure. Makofi! Ndambiri akauliza, mbele za watu, mitambo hiyo iko wapi. Nikamwambia iko njiani.

Sasa nitafute hiyo njia.

Jumatano, 6 Agosti

Mungu yuko. Mke wangu Peninah ametoka buchani na nyama imefungwa kwa gazeti la wiki jana. Nimelikunjua, na pale penye damu kidogo nimesoma tangazo: amplifaya nzito na spika mbili kubwa, zimetumika Ulaya kidogo tu, mwenyewe anaoa, anauza haraka. Namba ya simu ni ya Nkubu, upande wa Meru.

Nimekimbia Runyenjes kupiga simu ya kibanda. Mwenye mali anaitwa Mwongera. Sauti ya upole sana! Akasema hataki pesa. Anataka mtamba. Eti mahari yake yote iko tayari ila mtamba, na wazee wa upande wa msichana wamekataa kuketi hadi wamwone.

Mtamba ninaye! Yaani, Peninah anaye. Anaitwa Karembo. Peninah amemlea tangu ndama, na kila mtu nyumbani anajua ni wa nini: binti yetu Caroline yuko darasa la nane, akipita mtihani Karembo anauzwa, Caroline anaenda Form One. Hakuna mpango mwingine. Mshahara wangu wa kiwandani unajulikana.

Lakini nimepiga hesabu ya mtu mzima. Spika zikianza kukodishwa kila Jumamosi, Caroline atasoma mpaka achoke. Peninah nitamweleza baadaye, akiwa amefurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Ndambiri amenisimamisha kwenye mashine ya kusaga. Amesikia nanunua vyombo vilivyotumika kwa mtu nisiyemjua. Nani amemwambia? Karurumo haina siri. Akaanza kunifundisha, mbele ya akina mama na magunia yao. Eti niende na kaseti yangu ninayoijua. Niwashe, nisikize spika moja, halafu ya pili, niache zilie mpaka amplifaya ipate moto. Nifungue kifuniko nione ndani. Nisitoe kitu kabla ya hapo. Akasema hata yeye yuko tayari kunisindikiza, nauli juu yake.

Wivu huo! Mtu anaogopa kunyang'anywa kuku.

Halafu akanikumbusha ile redio ya Nairobi. Akina mama wakacheka. Sawa, nilinunua redio kaseti Nairobi, na nilipofungua boksi nyumbani nikakuta kipande cha mbao na mche wa sabuni. Sabuni tuliifulia, kwa hivyo hasara haikuwa kamili. Na mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Nimekaa nikachunguza kosa langu la Nairobi. Boksi lile lilikuwa jepesi, na yule muuzaji alinuka pombe. Kwa hivyo safari hii naangalia mambo mawili tu. Chombo kiwe kizito. Muuzaji awe ameokoka.

Ndambiri hata hajui mambo ya uzito.

Jumamosi, 9 Agosti

Nkubu! Nimerudi jioni, mgongo unauma, moyo umejaa.

Mwongera ni mtu wa suti, na Biblia yake ina zipu. Alisema Bwana asifiwe kabla yangu. Kwake stima ilikuwa imepotea asubuhi hiyo hiyo, bahati mbaya. Redio ya jirani ilikuwa inalia ukutani, lakini alinieleza jirani anatumia betri. Kwa hivyo kaseti ilibaki mfukoni (nilikuwa nimebeba moja, basi tu).

Nikamwambia wazi kwamba mimi sidanganyiki, nataka kusikia ushuhuda wake. Hakusita! Alisimama, akafunga macho. Akasema zamani alikuwa tapeli. Aliwauzia watu maboksi yenye mawe, kutoka Maua mpaka Embu, mpaka siku Bwana alipomkamata kwenye mkutano wa injili. Alilia. Ngai, nami nililia! Mwizi gani angekiri mambo kama hayo mbele ya mnunuzi? Hapo nikajua nimempata mtu mkweli.

Kisha nikainua amplifaya. Nilishindwa! Tulisaidiana wawili, na mgongo wangu ukalia kama mlango. Hakika Wazungu hawakukionea chuma huruma.

Nikaomba kufungua kifuniko, kidogo tu. Mwongera akanitazama kwa huzuni. Akaniuliza kama huwa nafungua Biblia ya mchungaji wangu kuhakikisha maneno yamo. Aibu ilinishika. Niliomba msamaha, akanisamehe, tukaomba pamoja. Atakuja na pikapu Jumanne.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Peninah kuna ofisa mmoja Siakago ana dume la Kizungu, ndama wake ni maziwa matupu, na amekubali Karembo akae huko siku chache apandwe. Peninah akauliza tangu lini dume zuri likatafutwa kule kwenye ukame. Nikamwambia mambo ya maendeleo hayaangalii mvua. Akanitazama. Halafu akasema, Baba Caroline, huyo mtamba ndiye shule ya mtoto wako. Nikasema najua. Akasema anarudia tu.

Caroline alitusindikiza mpaka barabarani. Alimlisha Karembo maganda ya ndizi njiani, na alipofika kwenye lami akamshika lile sikio lililopasuliwa na seng'enge na kumwambia asichelewe kurudi. Nikakohoa, nikasema ni vumbi, ingawa asubuhi yote ilikuwa manyunyu.

Mwongera alifika kiwandani na pikapu kama alivyoahidi. Mwaminifu! Mitambo imeshonewa ndani ya magunia, kwa ajili ya vumbi. Karembo akapandishwa. Nilitaka kuchomeka amplifaya pale pale kwenye stima ya kiwanda, lakini Mwongera akanishika mkono. Akauliza kama kwetu mtu huvaa nguo za harusi kabla ya harusi. Akasema chombo cha kazi ya Mungu huombewa kwanza, kisha mgeni wa heshima hukata utepe na kubonyeza mwenyewe.

Utepe! Mbona sikuwaza? Mgeni atabonyeza, sauti yangu itatoka, na Ndambiri atakuwa amesimama na sahani ya githeri. Sikugusa hata uzi mmoja wa magunia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimenunua utepe mwekundu Runyenjes. Nimefanya mazoezi ya kusema "moja, mbili, tatu, mnanisikia" kwenye shamba la kahawa. Hata kwa mdomo mtupu nasikika vizuri.

Peninah ameuliza habari za Karembo. Nimesema bado analikataa dume, ana maringo. Peninah akasema basi mtamba ana akili kuliko yeye alivyokuwa.

Jioni Ndambiri amepita nyumbani. Eti kesho atakuja na spika yake aiweke pembeni, ikitokea shida. Nikamwambia asijisumbue, aje na kijiko tu. Akacheka, akaenda. Huyo jamaa hajui kutukanwa, inachosha.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa uwanja wa kanisa. Mimi nilivaa tai. Mitambo juu ya meza, imefunikwa shuka, utepe umekaa sawa. Mchungaji akaombea chombo, ombi refu. Mgeni wa heshima akakata utepe. Makofi. Akabonyeza.

Kimya.

Nikasema inapasha moto. Akabonyeza tena. Nikasema mitambo ya Ulaya haina haraka. Mgeni akatazama saa. Ndipo Ndambiri akatoka kwenye umati na bisibisi, hata hakuulizwa! Akafungua kifuniko na kukiweka chini polepole.

Ndani kulikuwa na figa. Jiwe la jikoni, la kuinjikia sufuria, bado lina masizi, limezungushiwa magazeti lisitingike. Spika zilikuwa na mabua ya mahindi. Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ndambiri akaleta spika yake. Ikapiga mluzi wake, watu wakaishangilia! Akashika maiki. Mnada ukaanza, mayai, ndizi, jogoo mmoja aliyenunuliwa na kurudishwa kwa Bwana tena na tena mpaka jogoo mwenyewe akachoka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo nikidhani mabaya yamekwisha.

Kisha Ndambiri akatangaza zawadi aliyoileta mgeni wa heshima. Mtamba. Akaletwa kwa kamba mpya. Sikio limepasuka.

Caroline alikuwa kwenye kwaya ya watoto. Alipiga ukelele, "Karembo!" Mtamba akainua kichwa, akamburuta aliyemshika kamba mpaka katikati ya kwaya, akaanza kumlamba Caroline mikono. Watu wakacheka wakidhani ni mchezo. Peninah hakucheka. Peninah akasimama.

Peninah hajawahi kuhitaji spika. Akaniuliza, kutoka upande ule wa uwanja, kama dume la Siakago nalo limehamia kanisa letu. Akauliza kama figa lile ndilo nililompa mtoto asomee. Hata mgeni wa heshima aliacha kutazama saa. Nikajaribu kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya familia, lakini bila maiki sikusikika.

Dereva wa mgeni akajieleza. Walimnunua mtamba sokoni Ijumaa, kwa Mmeru mmoja mwenye pikapu, mtu wa Mungu kabisa, alitoa ushuhuda akalia mpaka wakaona aibu kubishania bei.

Mchungaji akasema pole, ila kilichotolewa madhabahuni ni cha Bwana, anayemtaka atamkomboa kwa mnada kama wengine. Peninah akafungua fundo la leso yake, akataja alichonacho. Kilikuwa kidogo. Akasimama pale ameshika leso wazi, na Caroline akiwa ameficha uso shingoni mwa ng'ombe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ya kwanza nilitamani nisingeinuka kwenye kile kikao. Wanawake wa chama chake wakaongeza, mmoja mmoja. Haikutosha. Ndambiri akaweka maiki chini, akaongea na mgeni, akaongea na mchungaji, akatoa mfukoni. Akaishika maiki tena na kusema mtamba ameuzwa.

Akampa Caroline kamba. Akasema huyo ni wa Form One, na kwamba baba mtu asiguse kamba hiyo, hata kwa kumpeleka mtoni. Makofi! Yalizidi yangu ya kwenye kikao, nilisikia vizuri. Kuku akaletwa meza kuu, na Ndambiri akapewa paja.

Githeri ilikuwa imebaki ya chini ya sufuria, imeungua.

Jumatatu, 18 Agosti

Kiwandani wameniwekea mafiga mawili juu ya meza. Eti nikamilishe seti.

Peninah amenipikia. Ameweka sahani mezani na kwenda kwa Karembo. Caroline amelala mapema bila kuniambia usiku mwema, na hilo limeniuma kuliko mafiga. Nimemwita mlangoni nikamwambia mambo yatakuwa mazuri. Akasema, "Sawa, Baba," kwa ile sauti ya kumjibu mwalimu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekaa nikachunguza kosa langu, maana mtu mzima hujifunza. Uzito ulikuwa sawa. Ushuhuda ulikuwa sawa. Shida ni kwamba Mwongera alikuwa muumini tu. Muumini anaweza kurudi nyuma! Safari nyingine muuzaji awe mchungaji kamili, mwenye kola.

Na kama si mkono wa Mungu, ni nini hiki? Leo sukari imekuja imefungwa kwa gazeti. Mchungaji mmoja wa Maua anauza mitambo ya mikutano ya injili, amplifaya, spika nne, na jenereta juu. Nimempigia. Akaniombea kwa simu mpaka shilingi zikaisha! Hataki pesa. Anataka mnyama yeyote mwenye afya. Spika nne, Ndambiri ana moja. Caroline atasoma mpaka chuo kikuu.

Peninah alinituma kufuli ya zizi. Nimenunua mpya kabisa, si ya kutumika, ili aone nimebadilika. Ameijaribu, imefunga vizuri. Ufunguo ameuvaa shingoni na uzi, na Caroline amecheka kidogo, mara ya kwanza wiki hii. Amesema sasa Karembo atalala salama.

Kufuli mpya huuzwa na funguo mbili.